Rangi ya Mpishi

Katika nyumba ile ya Riyadh hakuna aliyemwita kwa jina. Madam alisema "mpishi" kwa Kiarabu, dereva na mimi tukalichukua kwa Kiswahili, na yeye mwenyewe akigongewa mlango aliitikia kutoka ndani, "Mpishi yupo, sema." Nikiwa mbele yake nilimwita mama. Alikuwa amenizidi miaka kama ishirini, mtu wa Pwani ya kwetu Kenya, Mwislamu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, na mikono mirefu isiyojua kukaa bure. Mimi nilikuwa msichana wa Kikamba niliyeletwa na ajenti miaka ile ambayo kila kijiji kilikuwa na mtu anayengoja viza ya Saudia. Kiarabu nilichofika nacho kilikuwa maneno matatu: yalla, yaani haraka; halas, basi; na mafi, hakuna. Siku ya kwanza alinikuta nadeki sebule huku nalia, akaniambia nikimaliza kulia nije nile, chakula kinapoa.

Alipika kwa masikio. Angeweza kunipa mgongo, anakata nyanya, na kuniambia nipunguze moto kwa sababu maji ya wali yamebadilisha sauti. Madam aliponunua sufuria mpya za bei kubwa, Mpishi aligonga moja moja kwa kifundo cha kidole, akazitenga mbili chini ya sinki. Nilipomuuliza zina nini alisema ni viziwi. Hakuzipikia hata siku moja, na Madam hakuwahi kujua.

Aliniambia mara nyingi kwamba nyimbo zinamsahaulisha mtu Mungu wake. Alikuwa akisema hivyo akitoka kuswali, anakunja mkeka, na kabla mkeka haujafika kabatini tayari anaimba. Siku moja nilimwonyesha kosa lake. Akanijibu jibu alilokuwa nalo kwa kila jambo asilotaka kulijibu: "Usinishughulishe, nina moto."

Lakini ukimwomba aimbe, huimbiwi. Madam alikuwa akimwita Ijumaa, wageni wamejaa, aende awaimbie kidogo, naye alikwenda akikohoa kikohozi ambacho hakikuwapo dakika mbili kabla. Sisi wa jikoni ndio tuliomsikia. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa na mkwaruzo, kama kitu kinachopita kwenye kokoto, halafu ghafla inapanda juu na kukaa huko, na wewe unajikuta umesimama na fagio mkononi hujui ulikuwa unaelekea wapi.

Kwao alikuwa akiongoza kikundi cha wanawake wa kuimba harusi. Alinisimulia jambo hilo mara moja tu, bila majivuno, kama mtu anayekuambia aliwahi kufanya kazi posta. Kikundi kilivunjika watu walipoanza kukodi spika na kijana wa kucheza nyimbo za kompyuta, na yeye akaanza kutafuta kazi ya kumlisha.

Jambo moja alikuwa nalo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Nilikuwa na wimbo wa kanisa la kwetu niliopenda kuupigia pasi. Siku moja akaja mpaka chumba cha nguo, akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, huo wimbo wako naomba niuazime." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, maana wimbo hauombwi, unasikika tu. Yeye hakucheka. Alingoja mpaka niliposema sawa. Tangu hapo aliutumia ule mtindo katika nyimbo zake za harusi, akabadilisha maneno, na kila alipoufikia hata kama tuko wawili tu, mimi na yeye, alisema kwanza, "Huu nimepewa na Mkamba wangu."

Binti wa pili wa Madam alianza kuja jikoni mwaka wangu wa pili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mpole, anaenda chuo, na simu yake haikumtoka mkononi. Alikuja kutafuta maji, akasikia, akakaa sakafuni karibu na gunia la mchele na magauni yake yote. Kesho yake akarudi. Mpishi, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote, akawa na subira naye. Mimi alikuwa amenikataza kuimba wakati anapima chumvi. Yule binti alimruhusu kupiga vifuniko vya sufuria mpaka mapigo yakakaa sawa. Niliona wivu, na nilimwambia. Akasema, "Ana sikio. Si kosa lake kuzaliwa ghorofani."

Wimbo alioutaka binti ulikuwa ule wa kumtoa mwari, siku ambayo bibi harusi anatolewa ndani aonwe na wanawake. Ulianza kwa mwito mrefu usio na maneno, kisha:

*Mwari wetu ametoka, kavaa tulivyomvika,*
*Ng'ara, mwanangu, ng'ara.*

Binti hakuweza kutamka "ng'ara". Alisema "nagara". Mpishi alimshika kidevu, akamwonyesha ulimi unakaa wapi, wakacheka hadi machozi, na bado ikawa "nagara". Alirekodi kila kitu kwa simu yake, apate kujifunza akiwa chumbani. Mpishi hakuona ubaya. Mimi pia sikuona.

Kisha dada mkubwa wa binti akaposwa. Sherehe ya wanawake ilipangwa ifanyike pale pale nyumbani, baada ya swala ya alasiri, katika ukumbi wa chini. Madam alikuja jikoni mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akamweleza Mpishi kwamba binti anataka kumchezea dada yake ule wimbo. Binti atacheza, Mpishi ataimba kwa maiki akiwa nyuma ya mlango wa kuingilia vyakula, maana mbele hapana nafasi, na wimbo ukiisha ataitwa aingie wageni wamwone na wamshukuru.

Alikubali. Sikuamini masikio yangu, lakini alikubali. Siku hiyo alivaa gauni alilotoka nalo kwao, la rangi ya zambarau, lenye nakshi kifuani, juu yake akafunga aproni ili lisichafuke. Alijipaka wanja. Aliniambia nimwangalie mgongoni kama zipu imefika juu.

Nilikuwa nikiingia na kutoka na sinia za tende na kahawa, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza.

Binti alitokea upande wa ngazi. Mwanzo sikumjua. Nilidhani wamekodi mwanamke wa Kiafrika na nikafurahi. Halafu nikaona bangili yake. Alikuwa amejipaka rangi ya kahawia iliyokolea, uso mzima, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko. Midomo ilikuwa imechorwa mikubwa, nyekundu. Alikuwa amejifunga leso ya Mpishi, ile ya maua ya njano niliyokuwa nimeianika mwenyewe asubuhi, na kwa nyuma amejaza mto ili makalio yaonekane. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa vilevile anavyofunga Mpishi, fundo kushoto. Alitembea kama Mpishi. Hata ule mwendo wake wa kuburuta kidogo mguu wa kulia, kwa sababu ya goti, aliuchukua.

Wageni walipiga makofi na vigelegele. Madam alikuwa anacheka akifuta macho kwa kona ya kitambaa. Ile sauti yenye mkwaruzo ilianza kutoka kwenye spika, ikapanda ikakaa juu, na binti akafungua ile midomo mikubwa kana kwamba inatoka kwake.

Nakumbuka sinia ilikuwa na vikombe ishirini na nne na vyote vilikuwa vinagongana. Sijui nilifikaje mlangoni.

Mpishi alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha plastiki nyuma ya mlango, katika ujia mwembamba wa kwenda jikoni, maiki mkononi, macho ameyafumba. Alikuwa anafurahi. Miaka sijui mingapi alikuwa hajaimbia watu. Alipomaliza ubeti wa kwanza alifungua macho akaniona, akaziba maiki kwa kiganja.

"Mbona uso umekubadilika?"

Nilitaka kumwambia. Nilichukua sinia nyingine, nikasukuma mlango kwa bega, nikaingia, na sikuufunga nyuma yangu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nilimwachia mlango wazi.

Alikuwa katikati ya "ng'ara". Ilikatika pale pale, kama uzi. Binti aliendelea kufungua na kufumba mdomo, neno moja, mawili, matatu, bila sauti. Wageni wengine walicheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha wakaacha. Nilisikia kiyoyozi.

Madam alinipita mbio mpaka kwenye ujia. "Yalla, imba," akasema. Akasema tena. Mpishi alikuwa amesimama, anatazama kupitia ule mlango. Uso wake sikuweza kuusoma. Haukuwa wa hasira wala wa kulia, ulikuwa wa mtu aliyefungua kabati lake akakuta mtu mwingine amekaa ndani. Aliinama, akaiweka maiki sakafuni taratibu isitoe mlio, akasema kwa Kiarabu kwamba wali unaungua.

Wali ulikuwa umeiva zamani na moto umezimwa. Nilikuwa nimeuzima mimi.

Aliingia jikoni, akavua aproni, akabaki na gauni lake la zambarau, akaanza kupakua. Hakuna aliyemwita aingie aonwe. Tulitoa chakula sote wawili.

Wageni walipoondoka, jua bado halijazama, binti alikuja. Alikuwa amejaribu kunawa, rangi imebaki kwenye masikio na pembeni mwa nywele, na macho yamemvimba. Alikaa pale pale karibu na gunia la mchele. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka nifanane na wewe."

Sijawahi kusikia neno lililonishtua kama hilo, kwa sababu niliona hakuwa anadanganya.

Mpishi alichukua pamba na mafuta ya zeituni, akavuta kiti, akaanza kumfuta. Alimfuta nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, kwa uangalifu uleule anaosafishia samaki. Pamba zilipokwisha akachana kitambaa. Alipomaliza alimshika kidevu kama alivyomshika siku za kumfundisha kutamka.

"Mimi nilikufundisha wimbo," alimwambia. "Sikukufundisha kuwa mimi."

Binti hakurudi tena jikoni.

Madam hakumpiga Mpishi wala hakumtukana. Alimnyang'anya simu kwa wiki mbili, akaacha kumsemesha, na mwezi uliofuata akampeleka kwa dada yake Jeddah, ambaye alikuwa anahitaji mpishi. Kafili, yaani mdhamini wake, ni yuleyule, na ikama, kibali chake cha kuishi, ni ileile, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza anapenda au hapendi. Aliondoka na begi moja. Ile leso ya maua aliiacha kwenye kamba ya nguo. Nilimkimbilia nayo mpaka langoni, akaitazama, akasema nideki nayo.

Miezi ikapita. Siku moja dereva, Mkenya mwenzetu wa Nyandarua aliyekuwa analala na wenzake mtaa wa Al-Murabba na kuja asubuhi, alinisubiri uani na simu. Alikuwa anatabasamu.

"Ona huyu dem wa kwetu," akasema. "Mkenya ametoboa huku. Hii video iko kila mahali, hadi kwa maduka ya Batha wanaipiga."

Ilianza kwa ule mwito usio na maneno. Nilijua ni nani kabla picha haijafunguka. Na chini ya sauti, mbali, nilisikia sufuria ya presha ikipuliza, ile yetu, yenye mluzi uliochoka upande mmoja. Waliotengeneza video walikuwa wameichukua ile sauti kutoka kwenye simu ya binti pamoja na jiko letu zima, wakaipachikia ngoma za studio. Kisha picha ikaja, na alikuwa binti, amepakwa tena, safari hii na watu wenye ujuzi, rangi imemkaa kama ngozi. Ubeti aliimba mwenyewe. "Nagara," aliimba, "nagara." Nyuma yake wasichana wengine sita walicheza wakiwa wamepakwa vilevile. Hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika video ile, na watu weusi walikuwa saba.

Nilimwambia dereva amtazame viganja, vimekolea rangi sawa na uso, si kama vyetu. Alikuza picha. Alitazama muda mrefu, kisha akaizima simu na kuiweka mfukoni, na kwa siku kadhaa tulipokutana uani aliangalia chini kana kwamba yeye ndiye aliyefanya.

Kilichonishangaza zaidi ni Madam. Mwanamke yule hakukubali hata kivuli cha binti yake kipigwe picha. Nilikuja kusikia akimweleza shoga yake kwenye simu kwamba haikuwa na neno, maana kwa ile rangi hakuna atakayemjua. Nilikuwa nakunja mataulo. Nilikaa chini na taulo mkononi. Ili asionekane yeye, alikuwa amepewa uso wetu avae.

Nilimwona Mpishi tena baada ya karibu miaka mitatu. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki chache, na Madam alikuwa ametupeleka Jeddah kwa likizo. Nilimtafuta kwa namba niliyopewa na msichana wa kazi wa yule dada yake, akaniambia tukutane mtaa wa Sharafiya, kwenye mkahawa wa Wahabeshi ulio juu ya duka la simu, upande wa familia, wanakokaa wanawake nyuma ya pazia, baada ya alasiri. Dereva alinishusha akanipa saa moja.

Alikuwa amenenepa kidogo, na abaya yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aliniita Mkamba wangu. Aliniagizia chakula, akakionja kabla yangu, akatikisa kichwa, akaniambia nile hivyo hivyo. Dada wa Madam alikuwa amemshawishi Madam ikama ihamishiwe kwa bibi mmoja wa mtaa wa Al-Baghdadiyah, mwanamke mweusi kama sisi lakini Mhijazi, aliyezaliwa kule yeye na mama yake na bibi yake. Bibi huyo alikuwa na kikundi cha wanawake wa kupiga madufu harusini. Mpishi alikuwa anampikia, na siku za harusi anapiga naye.

"Kwa hiyo unaimba," nikasema. Nilikuwa karibu kushangilia.

"Naimba. Nyuma yao, lakini naimba."

Kisha akanisimulia, huku anamega mkate. Wiki ya kwanza yule bibi alimtaka aonyeshe anajua nini. Akaimba wimbo wa kumtoa mwari, mwanzo mpaka ng'ara. Wanawake wote walitulia wakimsikiliza. Alipomaliza, bibi alimpigia makofi. Akamwambia sauti anayo, na kwamba Mpishi anamwiga vizuri sana yule msichana wa kwenye video, ila amekosea neno moja. Si ng'ara. Ni nagara.

Nilimuuliza yeye alijibu nini.

"Ningesema nini? Kila mwezi wanakuja maharusi wanautaka huo wa kwenye video. Nimeuimba hivyo. Nagara. Harusi ni yao."

"Na hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Walicheka, wakaniambia kila mpishi Jeddah anasema hivyo."

Nilianza kulia pale mezani, nikamwomba anisamehe ule mlango. Alishangaa. Alisema siku zote alidhani ni upepo wa kiyoyozi. Kisha akasema kwamba kama mlango usingefunguka angeendelea kuimba, na angekuwa anaimba hadi leo nyuma ya mlango huo.

Chini, kwenye duka la simu, walikuwa wanajaribu spika. Haikuwa wimbo ule, ilikuwa kitu kingine tu cha kupigapiga, lakini wote wawili tulikuwa tumeinua vichwa. Akavuta jagi la maji la bati, akaligonga kwa kifundo cha kidole, likamridhisha. Akaanza kuimba pale pale, sauti ya chini, isivuke pazia la upande wa familia. Mwito. Mwari wetu ametoka. Ng'ara, ulimi mahali pake. Ubeti wa pili. Nilikuwa naujua wote, niliusikia kila siku miaka miwili, na nilijua unaishia wapi, kwa hiyo pale mwisho nilivuta pumzi nimwambie asante.

Hakuishia. Alibadilisha mapigo, akaingia ubeti mwingine ambao sikuwahi kuusikia. Ulikuwa ule ubeti wa mtunzi kujitaja. Alimtaja bibi mmoja wa mtaani kwao aliyeutunga wimbo huo, jina lake na jina la mama yake na nyumba aliyokuwa akikaa, na jinsi alivyomwachia mwanafunzi wake aushike. Halafu akataja jina la mwanafunzi huyo, yaani lake mwenyewe. Halikuwa lile la kwenye pasipoti, ambalo nililiona siku anaondoka. Lilikuwa jina la ngomani, jina ambalo watu wa kwao walikuwa wakimwita nalo aingie.

Nilimuuliza kwa nini binti hakuwa nao huo.

"Ubeti huu hauimbwi kwa kufundisha," akasema. "Unaimbwa umesimama mbele ya watu wanakuona. Siku ile nilikuwa nangoja kuitwa niingie nao."

Dereva alikuwa anapiga honi chini. Niliitoa simu yangu, nikamwomba aurudie niurekodi, au angalau niliandike lile jina nisilisahau.

Aliweka kiganja chake juu ya simu, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Usiliandike, mwanangu," akasema. "Anayelitaka na aje anitazame nikiliimba."